Sura ya Tano: Mtama wa Judo na Elimu ya Wakati

Miongoni mwa mbinu za kumwangusha mtu zinazofundishwa katika judo, ni chache zinazodai nguvu kidogo na utambuzi mwingi kama ile ya kuufagia mguu wa mpinzani wakati anapokanyaga, mbinu ambayo kwa Kijapani huitwa de-ashi-harai, yaani kufagia mguu unaotangulia, na ambayo msomaji wa Kiswahili ataitambua mara moja kuwa ni jamaa wa karibu wa mtama wanaopigana watoto mchangani. Sura hii inaeleza jinsi mbinu hiyo inavyofanya kazi, inavyofundishwa na inavyozoezwa, na inafanya hivyo kwa kufikiria mahali kama Kinkondja, mji wa wavuvi ulio kando ya Ziwa Kisale katika jimbo la Haut-Lomami nchini Kongo, ambako Mto Lualaba hupita katikati ya maziwa na vinamasi vya bonde la Upemba. Mahali hapo pamechaguliwa kwa makusudi. Vitabu vingi vya judo huandikwa kwa ajili ya mtu mwenye ukumbi, mikeka ya kiwandani na mwalimu wa mkanda mweusi, ilhali mbinu hii inathibitisha kwamba kiini cha judo ni kuusoma mwendo wa mwenzako, jambo linaloweza kujifunzwa popote palipo na watu wawili, sakafu inayofaa na subira, mradi sharti moja lisipuuzwe kamwe: kila anayefundishwa kuangusha awe amefundishwa kwanza kuanguka.

Nafasi ya mtama katika mafunzo ya Kano

Judo iliasisiwa mwaka 1882 na Jigoro Kano, msomi kijana wa Kijapani aliyezaliwa mwaka 1860, ambaye alifungua shule aliyoiita Kodokan katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo, kwenye ukumbi mdogo uliotosha mikeka 12 tu. Kano alikuwa amesomea matapo mawili ya jujutsu, sanaa ya kale ya kupigana bila silaha, yaani Tenjin Shin'yo-ryu na Kito-ryu, na kazi yake kubwa ilikuwa kuchambua alichorithi, kuziweka kando mbinu za kuumiza ambazo zisingeweza kuzoezwa kwa uhuru, na kuzipanga zilizobaki kwa utaratibu ambao mwanafunzi angeweza kuufuata hatua kwa hatua. Utaratibu wa miangusho, unaojulikana kama Gokyo, yaani mafundisho matano, ulitolewa mwaka 1895 na kurekebishwa mwaka 1920, na tangu marekebisho hayo una miangusho 40 iliyogawanywa katika mafungu matano ya minane minane.

Katika mpangilio huo wa mwaka 1920, de-ashi-harai ndiyo ya kwanza kabisa katika fungu la kwanza. Ndugu yake wa karibu, okuri-ashi-harai, ambayo hufagia miguu yote miwili kwa pamoja, imo katika fungu la pili, na harai-tsurikomi-ashi, ambayo hufagia kifundo cha mguu kwa mbele, imo katika fungu la tatu, hivi kwamba mwanafunzi anayepanda ngazi hizo hukutana na ufagiaji tena na tena, kila mara kwa sura ngumu zaidi. Kuwekwa mwanzoni hakumaanishi kwamba mbinu hii ni nyepesi kuimudu. Mtu anaweza kuonyeshwa umbo lake kwa alasiri moja na akahitaji miaka kabla ya kumwangusha nayo mpinzani anayekataa kuangushwa. Faida ya kuianza mapema ni kwamba anguko lake halitoki juu sana, kwa kuwa anayeangushwa habebwi mgongoni wala kuzungushwa juu ya nyonga, na pia kwamba inamlazimisha mwanafunzi, tangu siku zake za kwanza, kujifunza kutembea vizuri na kuutazama mwendo wa mwenzake.

Kano aliyajumlisha mafundisho yake katika kanuni mbili. Ya kwanza, seiryoku zen'yo, inataka nguvu zote za mwili na akili zitumike mahali zinapofaa na kwa kiasi kinachofaa. Ya pili, jita kyoei, inataka mafanikio ya mtu yaambatane na ustawi wa wenzake. Kanuni ya kwanza hudhihirika katika mtama kuliko karibu mbinu nyingine yoyote, kwa sababu nguvu ikizidi mbinu hugeuka teke, na kanuni ya pili, kama itakavyoonekana, ndiyo inayoamua iwapo mafunzo yake yatajenga au yataharibu.

Uzito, msuguano na wakati

Mtu anaposimama wima, kitovu cha uzito wake, yaani nukta ambayo uzito wote wa mwili unaweza kuhesabiwa kuwa umekusanyika hapo, kiko karibu na kiuno, na mwili hubaki imara mradi nukta hiyo iko juu ya eneo linalozungukwa na nyayo zake mbili. Kutembea ni kuivunja hali hiyo kwa hiari, kwa kuwa mwenye kutembea huusukuma mwili mbele ya unyayo unaoubeba, hukubali kuanguka kidogo, kisha huuwahi mwili wake kwa kutanguliza mguu wa pili. Katika mwendo wa kawaida kila mguu hukaa chini kwa takriban asilimia 60 ya mzunguko wa hatua na kuwa hewani kwa asilimia 40 iliyobaki, na ndani ya mzunguko huo mna vipindi viwili vifupi ambamo miguu yote miwili hugusa ardhi, mmoja ukiupokea uzito na mwingine ukiuachia. Mtama wa judo hupigwa mwanzoni mwa mapokezi hayo.

Sababu yake iko katika msuguano, ile nguvu inayouzuia unyayo usiteleze, ambayo huongezeka kadiri uzito unaoukandamiza unyayo unavyoongezeka. Mguu uliokwisha kuubeba mwili wa mtu wa kilo 70 hauondolewi kwa unyayo wa mwenzake. Ukipigwa, kinachopatikana ni maumivu ya kifundo kwa wote wawili. Mguu ambao bado uko hewani, kwa upande wake, huondoka bila shida, lakini mwenye mguu haanguki, kwa kuwa angali amesimama juu ya mguu wa pili na anaweza kuurudisha huo wa kwanza apendapo. Kati ya hali hizo mbili ipo nafasi finyu ambamo mwili umekwisha kujikabidhi kwa mguu unaotua, hauwezi tena kurudi kwenye mguu wa nyuma, na hapohapo unyayo unaotua bado haujakandamizwa kiasi cha kuweza kushikilia sakafu. Wavuvi wa Kisale huijua nafasi hiyo kila wanapoingia mtumbwini kutoka ufukweni: mguu wa kwanza unapogusa sakafu ya mtumbwi, mwili umeshaondoka nchi kavu lakini haujapokelewa majini, na mtumbwi ukisogea wakati huo, hata kwa upana wa kiganja, mwenye nguvu kuliko wote ataanguka, ilhali mtumbwi huohuo ukisogea baada ya yeye kutulia, ataukunja mwili kidogo na kuendelea na shughuli zake.

Wanajudo huchambua kila mwangusho katika hatua tatu, ambazo ni kuzushi, yaani kuvunja mizani ya mpinzani, tsukuri, yaani kuuweka mwili wa mwangushaji mahali panapofaa, na kake, yaani kuukamilisha mwangusho wenyewe. Katika mbinu za nyonga na mabega hatua hizo huonekana zikifuatana, kwa kuwa mwangushaji huvuta kwanza, akaingia, kisha akatupa. Katika mtama zinakaribia kuwa tendo moja, kwa sababu kazi kubwa ya kuvunja mizani hufanywa na mpinzani mwenyewe kwa hatua yake, na mwangushaji anachofanya ni kuihimiza hatua hiyo iwe ndefu kidogo kuliko mwenyewe alivyokusudia, kisha kuunyima mguu mahali pa kutua.

Mikono, nyonga na unyayo

Kwa mtu anayetumia mkono wa kulia, mshiko wa kawaida ni mkono wa kulia kwenye ukosi wa vazi la mpinzani, usawa wa kifua, na mkono wa kushoto kwenye mkono wa vazi lake wa kulia, chini kidogo ya kiwiko. Mpinzani anapotanguliza mguu wa kulia, mwangushaji hurudi nyuma pamoja naye, lakini huurudisha mguu wake wa kulia na kuigeuza nyonga kidogo, ili uzito wake mwenyewe ukae juu ya mguu huo na mguu wa kushoto ubaki huru. Unyayo wa kushoto hugeuzwa ili upande wa kidole kidogo uwe karibu na sakafu na uso wa unyayo uelekee ndani, halafu hupitishwa chini, ukikaribia kuigusa sakafu, hadi kwenye kifundo cha mguu wa kulia wa mpinzani, upande wa nje, chini kidogo ya mfupa unaojitokeza. Kutoka hapo mguu wa mpinzani husindikizwa katika mwelekeo uleule uliokuwa ukienda, huku ukipindishwa kuelekea upande wa ndani, na mwendo huo wote hutoka kwenye nyonga, goti likiwa limenyooka bila kukakamaa, kwa sababu mguu unaofagia kwa goti peke yake hukosa uzito wa mwili nyuma yake.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, na anayejifunza mtama anapaswa kuichukua kauli hiyo kuwa maelezo sahihi ya fizikia, kwa sababu mguu uliofagiwa bila mikono kufanya kazi huteleza tu, na mwenye mguu akajikusanya na kusimama. Kinachogeuza utelezi kuwa anguko ni mikono. Mkono wa kushoto, ulioshika mkono wa vazi, huvuta chini kuelekea nyonga ya mwangushaji wakati uleule unyayo unapofagia, na mkono wa kulia, ulioshika ukosi, humwinua mpinzani kidogo na kisha kumwelekeza ubavuni, hivi kwamba miguu yake huenda upande mmoja na kiwiliwili chake upande wa pili. Mwangushaji hubaki wima. Akiinama mbele huongeza uzito juu ya mguu anaotaka kuuondoa, na akiegemea nyuma hupoteza mizani yake na kuwa yeye ndiye rahisi kuangushwa.

Makosa ya wanaoanza hufanana kila mahali. Wengi hupiga teke badala ya kufagia, kwa kuwa wanaukusudia mfupa badala ya mwendo. Wengi huunyanyua mguu juu ya kifundo, ambako hakuna cha kuondoa. Na karibu wote hutazama chini, jambo linalomwonya mpinzani na kumchelewesha mwangushaji, maana mguu ukishaonekana kutua wakati umekwisha pita. Habari za mguu hufika mapema zaidi kupitia mikono, kwa sababu kabla mtu hajapiga hatua bega lake hutangulia na mkono wa vazi lake hukazika au kulegea. Ushahidi wa hoja hiyo ni judo ya watu wasioona, ambayo imo katika Michezo ya Walemavu tangu mwaka 1988 na ambayo wapinzani wake huanza pambano wakiwa wameshikana tayari: wanajudo hao huvizia na kuangusha bila msaada wa macho, na walimu wengi huwataka hata wanafunzi wanaoona wazoeze mtama wakiwa wamefumba macho.

Kuanguka kwanza

Ukemi, yaani ufundi wa kuanguka bila kuumia, ni somo linalotangulia masomo yote ya judo, na katika mbinu hii aina inayohitajika zaidi ni anguko la ubavu. Anayeanguka huleta kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini, huukunja mgongo uwe mviringo, na hupiga sakafu kwa mkono wote ulionyooka, kuanzia kiganja hadi karibu na bega, mkono ukiwa umetengana na mwili kwa pembe isiyozidi nusu ya pembe mraba, ili mshindo usambae kwenye eneo kubwa badala ya kukusanyika kwenye kiwiko au bega. Kosa la hatari ni kujikinga kwa kiganja kilichotangulizwa chini, kwa sababu kiwiko na kifundo cha mkono havikuumbwa kuubeba mwili unaoanguka. Mtama huja ghafla kuliko mbinu nyingine, na kwa hiyo anguko lake lazima liwe tabia iliyokwisha kuingia mwilini, kwa kuwa anayeangushwa hapati nafasi ya kufikiri.

Wajibu wa pili uko kwa mwangushaji. Mkono wake ulioshika mkono wa vazi hauachi baada ya mguu kuondoka. Huvuta juu mwishoni, ili bega la mwenzake lisifikie chini kwa kishindo na kichwa chake kibaki kimeinuliwa. Kushikilia huko ni sehemu ya mbinu yenyewe, maana mwangusho usio na udhibiti hauhesabiwi kuwa kamili hata katika mashindano, na hapa ndipo kanuni ya Kano ya ustawi wa wote inapoacha kuwa maneno na kuwa kazi ya mkono.

Suala la sakafu linahitaji kufikiriwa kwa makini katika mji usio na mikeka ya judo. Ardhi tupu iliyokaushwa na kiangazi haifai kwa kuangukia, na saruji haifai hata kwa kujaribu. Mchanga mkavu wa ufukweni hupokea mwili vizuri, na kwa hiyo ni mahali pazuri pa kuanzia mazoezi ya kuanguka, lakini una kasoro kwa mtama wenyewe, kwa sababu huuzamisha unyayo, hukinasa kidole kidogo cha mguu unaofagia, na kuunyima mguu wa mpinzani utelezi ambao mbinu inautegemea. Suluhisho linalotumika katika vilabu vingi vyenye kipato kidogo ni kutandaza maranda ya mbao au pumba za mpunga ndani ya fremu ya mbao au ya matairi, kuzishindilia, na kuzifunika kwa turubai lililovutwa likakaza hadi likawa sawasawa, bila mikunjo, kwa kuwa mkunjo mmoja unatosha kuvunja kidole. Sakafu kama hiyo hulainisha anguko na pia huuruhusu unyayo kuteleza, mradi ikaguliwe kila siku, ijazwe panapobonyea, na ilindwe dhidi ya mvua, ambayo huozesha kilicho ndani yake.

Ngazi za mazoezi

Zoezi la kwanza halihitaji mwenza. Mwanafunzi hutembea kwa suri-ashi, yaani mwendo wa kuburura nyayo bila kuzinyanyua mbali na sakafu, na kila baada ya hatua mbili hufagia kwa mguu mmoja, huku akihakikisha kwamba kichwa hakipandi wala kushuka. Akiweka kandambili mbele yake na kuisukuma ikateleza sakafuni kwa uso wa unyayo bila kuirusha hewani, atapata mwalimu mwaminifu, kwa kuwa kandambili inayoruka imepigwa teke na kandambili inayoteleza imefagiwa.

Zoezi la pili ni la kugusa. Wawili hushikana na kutembea, mmoja mbele na mwingine nyuma, na anayerudi nyuma huugusa mguu wa mwenzake kila unapotaka kutua, bila kumwangusha. Zoezi hili huonekana jepesi na ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, kwa sababu huondoa tamaa ya kushinda na kumwachia mwanafunzi swali moja tu la kujibu, yaani kama amewahi au amechelewa. Mwenza humsaidia kwa kusema ukweli: mguu ukiguswa ukiwa mzito humwambia amechelewa, na ukiguswa ukiwa mwepesi mno humwambia amewahi kupita kiasi.

Baada ya hapo huja nage-komi, yaani kuangusha kwa kurudiarudia mwenza asiyepinga, kwanza kwa mwendo wa kwenda mbele, kisha wa kurudi nyuma, kisha wa upande, na baadaye kwa mwendo unaobadilika bila taarifa. Hapa umuhimu wa kubadilishana zamu hauna budi kusisitizwa, kwa sababu anayeangushwa hujifunza kama anavyojifunza anayeangusha: kila mara mguu wake unapoondolewa, huhisi kutoka ndani ni wakati gani alikuwa hana la kufanya, na kumbukumbu hiyo ndiyo atakayoitafuta kwa mwenzake zamu inapogeuka. Mwisho huja randori, yaani pambano la mazoezi lililo huru, ambalo lazima liwe jepesi kwa wanaojifunza mtama, kwa sababu watu wawili wanaosukumana kwa mikono iliyokakamaa hukaza miguu, huacha kutembea, na hivyo huiondoa hali ambayo pasipo hiyo mbinu haiwezi kuwepo. Mwanafunzi anayetaka kufagia hana budi kuwa wa kwanza kulegeza mikono yake na kutembea, akimshawishi mpinzani atembee naye.

Jamaa za mtama na jibu lake

Anayeumudu mtama wa msingi hugundua kwamba ameshika ufunguo wa familia nzima, kwa sababu tofauti kati ya wanafamilia hao ni tofauti ya mwelekeo na wakati. Mpinzani akienda upande kwa kuvuta mguu mmoja kuufuata mwingine, miguu yake miwili hukaribiana kwa muda mfupi, na hapo okuri-ashi-harai huifagia yote pamoja. Mbinu hiyo ndiyo inayofungua fungu la mbinu za miguu katika Nage-no-kata, yaani maonyesho rasmi ya miangusho 15, ambamo wawili huenda upande na anguko likaja katika hatua ya tatu. Mpinzani akisimamisha uzito wake juu ya kisigino, mguu huo haufagiwi tena bali huvutwa kwa nyuma kwa ko-soto-gari, ambayo hukata kama mundu mguu uliokwisha kubeba mwili. Akitanguliza mguu huku akisukuma kwa nguvu, kifundo chake huzuiwa kwa mbele kwa sasae-tsurikomi-ashi, na mwili wake hupita juu ya mguu uliokataliwa kuendelea.

Lipo pia jibu la mtama, linaloitwa tsubame-gaeshi. Anayeshambuliwa hukunja goti na kuuinua unyayo wake mara tu anapohisi mguu wa adui unakuja, akauacha upite chini yake, kisha huufagia mguu huohuo kuelekea kule ulikokuwa ukienda, kabla mwenyewe hajaurudisha. Jibu hilo hufanikiwa kwa sababu mwenye kufagia naye, kwa muda huo mfupi, amesimama kwa mguu mmoja, na linamfundisha mwanafunzi kwamba sheria ya uzito na wakati haina upendeleo: kila ashambuliaye hujiweka katika hali ileile anayoivizia kwa mwenzake, na usalama wake uko katika kufagia kwa ufupi na kuurudisha mguu chini upesi.

Kanuni za mashindano na njia ya Wakongo

Kano alikuwa mjumbe wa kwanza kutoka Asia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, tangu mwaka 1909, na alifariki mwaka 1938 akiwa melini, akirejea Japani baada ya kikao cha kamati hiyo kilichofanyika Cairo, katika ardhi ya Afrika. Judo iliingia Olimpiki kwa wanaume mwaka 1964 mjini Tokyo, na kwa wanawake kama mchezo kamili wa medali mwaka 1992 mjini Barcelona. Katika mashindano ya sasa pambano la kawaida huchukua dakika nne, na huisha mara moja mtu anapoangushwa chali kwa nguvu, kasi na udhibiti, yaani anapofungwa ippon, bao kamili. Mnamo mwaka 2010 Shirikisho la Kimataifa la Judo lilianza kuzuia kushika miguu ya mpinzani kwa mikono, na mwaka 2013 zuio hilo likawa kamili kwa mbinu zote za kusimama, na matokeo yake ni kwamba anayetaka kuishambulia miguu ya mpinzani hana tena chombo kingine isipokuwa miguu yake. Mtama, ambao baadhi ya wachezaji walikuwa wameanza kuuona kuwa mbinu ya kuandalia mbinu nyingine, umepata thamani mpya kwa sababu hiyo.

Wakongo waliojulikana zaidi duniani kwa judo walitoka mashariki ya nchi, kwa watu wasemao Kiswahili. Popole Misenga na Yolande Mabika ni wenyeji wa Bukavu ambao vita viliwatenganisha na familia zao utotoni, na ambao walifikishwa Kinshasa, walikojifunza judo. Mwaka 2013, walipokuwa Rio de Janeiro kwa mashindano ya ubingwa wa dunia, waliiacha timu yao na kuomba hifadhi Brazili, na baadaye walieleza hadharani kwamba katika mazoezi yao ya awali kushindwa kuliadhibiwa kwa kufungiwa na kunyimwa chakula. Nchini humo walipokelewa na kocha Geraldo Bernardes, na mwaka 2016 waliteuliwa katika timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya Olimpiki, iliyokuwa na wanamichezo 10. Misenga, aliyepigana katika uzito wa kilo 90, alimshinda Avtar Singh wa India katika pambano lake la kwanza, kisha akashindwa na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, ambaye wakati huo alikuwa bingwa wa dunia; Mabika alishindwa katika pambano lake la kwanza katika uzito wa kilo 70. Misenga alirudi tena katika timu hiyo kwenye Michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021.

Historia yao ina fundisho linalohusu moja kwa moja mada ya sura hii. Mtu anayeogopa adhabu ya kushindwa hukaza mwili wake, hukataa kuangushwa hata mazoezini, na hivyo hujinyima masomo yote yanayopatikana kwa kuanguka. Na mwalimu anayefundisha kwa hofu hupata, pengine, wapiganaji wagumu, lakini hawezi kupata wapiga mtama wazuri, kwa kuwa mbinu hii huota katika miili iliyolegea na kati ya wenza wanaoaminiana. Kanuni ya jita kyoei, kwa maana hiyo, ni sharti la ufundi kama ilivyo sharti la maadili.

Judo ya Kongo haikosi mahali pa kuonekana. Kinshasa ilipoandaa Michezo ya nchi zinazozungumza Kifaransa, kuanzia tarehe 28 Julai hadi 6 Agosti mwaka 2023, judo ilikuwamo katika ratiba pamoja na mieleka ya Kiafrika, na ukaribu wa michezo hiyo miwili ni wa manufaa kwa majimbo yaliyo mbali na mji mkuu, kwa kuwa kijana aliyekulia katika mieleka ya uwanjani huja kwenye judo akiwa na hisia ya uzito wa mwenzake, na kinachobaki ni kumfundisha mshiko wa vazi, ukemi na subira. Anayetaka kuanzisha mafunzo Kinkondja, au katika mji mwingine wowote wa Haut-Lomami hadi Kamina, makao makuu ya jimbo, hana haja ya kungoja ukumbi mkubwa. Aanze na sakafu moja iliyotengenezwa kwa uangalifu, afundishe kuanguka hadi kila mwanafunzi aanguke bila woga, kisha afundishe kutembea, kugusa na kufagia, na asimruhusu yeyote kuangusha kwa nguvu kabla hajaonyesha kwamba anajua kuushikilia mkono wa mwenzake hadi mwisho wa anguko. Mwanafunzi aliyepitia ngazi hizo kwa mpangilio huo atakuwa ameshika msingi ambao mbinu nyingine zote za judo zimejengwa juu yake, na popote atakapokwenda, Lubumbashi, Kinshasa au Tokyo, atakuwa mwenza ambaye wengine wanatamani kufanya naye mazoezi.